Rangi Zilizobaki

Wiki iliyopita wifi yangu Shemsa, mjane wa kaka yangu Hilali, alikuja kutoka Unguja kwa harusi ya mjukuu wake, nami nikamwalika kwangu Mabela, huku Arabuni. Miaka yote hii tulikuwa watu wa simu na salamu za Idd tu. Alikaa kwenye kochi la wageni, akaomba kiyoyozi kizimwe kwa ajili ya mifupa yake, akanywa chai, akausifu mkate wangu wa ufuta ingawa ulikuwa umeungua chini na sote wawili tukijua. Tulizungumza maradhi, wajukuu, bei ya samaki. Halafu, huku akipangusa ufuta kwenye buibui lake, akaniuliza, "Na ile nguo ya baba yenu? Hamkubakisha hata kipande?" Nikamwambia hatukubakisha. Akatikisa kichwa. "Alipenda mambo, mzee wa watu. Mungu amrehemu." Nikasema amin, nikammiminia chai kwenye kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika mpaka kwenye zulia.

Mie si mtu wa kulia ovyo. Alipoondoka nilikasirika. Nilivigonganisha vikombe karoni mpaka kimoja kikavunjika sikio, kisha nikakaa na kujiambia: wee bibi, una presha, una sukari, goti lako moja ni la chuma, usipouandika mwaka ule sasa, utauandika lini? Basi nauandika. Sitaeleza tulivyotoka Unguja, kwani kila nyumba hapa ina hadithi yake, na zote zina meli, mzigo mmoja, na mtu aliyebaki nyuma. Wetu aliyebaki alikuwa Hilali. Tulizaliwa wawili tu, yeye na mie, na mwaka huo ninaousema, wa sitini na saba, yeye alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa skuli, ana mke na mtoto mchanga. Mie nilikuwa na kumi na tisa.

Tulikaa Matrah, vyumba viwili vya juu katika kichochoro nyuma ya soko, Baba, Mama, Bibi mzaa baba na mie. Kuta zilikuwa nene na madirisha madogo, na joto likiingia asubuhi halitoki. Chini alikaa mfanyabiashara wa papa wakavu, kwa hiyo nguo zetu zote, hata za sanduku, zilinuka papa. Nazi ilikuwa adimu; Mama akipika wali kwa maziwa na kuuita wali wa nazi, na ole wako useme kitu. Nchi yenyewe ilikuwa ya ruhusa. Ruhusa ya kusafiri, ruhusa ya kujenga, ruhusa ya hili na lile, na ukitoka usiku bila ya kandili mkononi unakamatwa. Watu walizungumza chini chini. Mara utasikia huko kusini kuna vita, mara utasikia fulani kachukuliwa na hajulikani aliko, na anayekwambia anageuka kwanza kuangalia mlango. Sie tuliokuja kutoka Afrika tuliangaliwa sana. Tulikuwa Waarabu kule na Waswahili huku, na tulijifunza kutembea karibu na ukuta.

Ili Hilali aje, zilitakiwa ruhusa mbili: ya kutoka kule na ya kuingia huku. Baba, aliyekuwa karani na mkalimani katika kambi ya jeshi Ruwi, aliandika maombi kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, mwandiko kama uliopigwa chapa, na majibu hayakuja. Barua za Hilali zilipitia Mombasa kwa Shangazi, dada yake Baba, kwa sababu za moja kwa moja zilikuwa zinafunguliwa. Shangazi alitupangia maneno. Akiandika kwamba mtaani kuna homa, tujue watu wanakamatwa. Akiandika kwamba fulani kapata homa, ndiyo basi tena. Na kila barua aliimaliza kwa wasia ule ule: Hilali asionekane. Aende skuli, arudi nyumbani, asikae barazani, asivae saa, asicheke sana, mpaka ruhusa ije. Mama aliligeuza neno hilo kuwa dua. Nilimsikia baada ya kila sala, kichwa chini, "Yarabi, mwanangu asionekane."

Sasa siku moja Baba akarudi kutoka Ruwi anachekacheka peke yake, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu tushuke melini. Afisa wake, Mskoti, alikuwa na sherehe ya kwao na akaja ofisini kavaa rinda.

"Rinda?" Bibi akauliza. "Mwanamume mzima?"

"Rinda, mama. La drafti, lina mikunjo nyuma. Na soksi."

"Lahaula!" Bibi akajifunika mdomo kwa upande wa kanga, na mabega yakimtikisika.

Baba akainua mkono kututuliza. Akasema tusicheke, ile ni nguo ya ukoo. Kila ukoo wa Kiskoti una mistari yake na rangi zake, na wao pia walifukuzwa makwao zamani, wakatawanyika, wengine mpaka Kanada, lakini wakikutana popote wanajuana kwa nguo. Akashika pindo la kanzu yake. "Na sie tumetawanyika. Ndugu zetu wako Mombasa, wako Dubai, wako Misri. Watoto wao watapita njiani hawatajuana. Nataka nguo yetu."

"Pua ya baba yako haitoshi?" Bibi akamwambia. "Pua ile hata kipofu anaijua."

Lakini Baba alikuwa keshashikwa. Jioni ile ile alitandika karatasi za mraba za ofisini juu ya mkeka na kuanza kuchora kikoi, mistari ya kusimama na ya kulala, mahali gani ikatane, taraza ya pindo iwe nene kiasi gani. Akasema zitafumwa mbili kwanza, yake na ya Hilali, na ya Hilali itamngoja. Siku ya kushuka bandarini atavalishwa pale pale. Mie nilikuwa na jicho la rangi, tangu utotoni, na Baba alinikalisha ubavuni kwake. Nakumbuka harufu ya penseli ikichanganyika na papa, na nakumbuka kwamba nilikuwa na furaha. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Rangi tulizijadili wakati wa kula, na kila rangi ilikuja na hofu yake. Baba alitaka buluu, ya bahari. Bibi akaweka tonge chini. "Bahari imetuletea nini? Hebu nambie. Hiyo itoe." Ikatolewa. Nikasema nyeusi, inapendeza ikikaa na rangi yoyote. Mama hakuinua macho kwenye sinia. "Mie sitii nyeusi kwenye nguo ya mtu ambaye hajafika." Nyeupe? Mama akaondoka kabisa akaenda kukaa jikoni, kwa sababu nyeupe ni sanda. Zambarau Baba aliikataa mwenyewe, ilikuwa rangi ya mihuri ya ofisi iliyokuwa haimjibu. Basi kila siku tuliondoa moja, na nguo ikawa inapungua mikononi mwetu, mpaka Baba akanisukumia karatasi. "Chagua wewe, Raya. Zilizobaki."

Nikachagua. Nilitia nyekundu uwanja mzima, kwa sababu ya sakafu ya baraza yetu kule Unguja, iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka inang'aa. Nikapitisha mistari ya kijani, mipana, kwa ajili ya mikarafuu. Na pale kijani kilipokatana na kijani, nikaweka nyuzi mbili za manjano, nyembamba sana, kama vikonyo vya karafuu vinavyoanza kuiva. Baba alikitazama kipande cha karatasi muda mrefu. "Mashallah," akasema, na hakuna aliyekuwa na neno la kuipinga. Tulikuwa tumeziondoa rangi zote zilizotutisha. Hizi hazikumtisha mtu.

Fundi aliitwa Mubarak. Alifuma katika kibanda cha makuti nje ya mji, kakaa ukingoni mwa shimo, miguu yake ndani ikikanyaga mbao za kitanda cha kufumia, na nyuzi zimetandwa mbele yake mpaka kwenye nguzo ya mbali. Nilikwenda naye Baba mara tatu. Nyekundu aliipata kwa mizizi iliyochemshwa; kijani alikipata kwa kuchovya nyuzi kwanza kwenye manjano kisha kwenye nili, na mara ya kwanza kikatoka kichafu nikamwambia arudie. Alinitazama, akamtazama Baba, akacheka bila meno. "Binti yako mkali," alisema kwa Kiarabu, "lakini ana haki." Kutoka kibandani uliiona ngome juu ya jabali, na juu ya ngome bendera ya nchi, ambayo wakati huo ilikuwa nyekundu tupu, haina alama. Tuliiona kila siku tukienda kisimani, tukienda sokoni. Macho yetu yalikuwa yameshaizoea nyekundu. Mtu wa hapa akivaa nyekundu, kavaa rangi ya serikali yake, nani atamuuliza?

Baba alipovileta vikoi nyumbani na kukikunjua kimoja juu ya mkeka, sote tulisogea. Kilikuwa kizuri, wallahi, kilikuwa kizuri kuliko nilivyokichora. Kisha Baba akaanza kulia. Nilidhani analilia baraza yetu. Bibi akanyoosha kidole akakigusa, akakirudisha haraka. "Nimeiona wapi hii," akasema, si kwa kuuliza. Mama alizikunja zote mbili, akaitia ya Hilali chini kabisa ya kasha na kugeuza ufunguo. "Nguo hii isivuke mlango huu mpaka mwenyewe aje. Mmenisikia?" Tulimsikia. Mie nilidhani ni yale mambo yake ya kuogopa kumwandalia mtu wa safari kabla hajafika. Nilikuwa na donge langu jingine, tena la kitoto: nguo ya ukoo, nimeichagua mie, na mie sikufumiwa. Nilipomuuliza Baba alinipapasa kichwa akasema nitavaa ya ukoo wa mume wangu.

Barua ya Hilali ikaja kabla ya Ramadhani. Ilikuwa fupi kuliko zote, na mwandiko wake ulikuwa umeingia ndani, herufi ndogo ndogo. Mwishoni aliandika: "Baba kaniandikia habari ya nguo. Yangu iko wapi? Au mshanisahau?" Bibi alisema anatania. Mama akaanza kumfungia mzigo wa Idd, kwa kuwa alipatikana mtu wa safari wa kuupeleka Mombasa: halua, tende, ndimu kavu, kofia aliyomshonea mwenyewe. Akauzungushia kitambaa cha marekani na kuushona pande zote nne kwa mkono. Aliuacha chumbani akaenda na Bibi kwenye taazia ya jirani.

Ilikuwa saa nne za asubuhi. Nilijua pa kupata ufunguo. Nani asiyejua pa kupata ufunguo wa mama yake? Nilifumua upande mmoja wa mzigo, nikakiingiza kikoi chini ya kofia, nikashona upya kwa mshono wa Mama, mrefu mrefu, mpaka usingeweza kutofautisha. Watu wakisimulia mambo kama haya husema walifanya kwa mapenzi. Nilimpenda Hilali, ndiyo, alinifundisha kusoma kwa kunibeba begani barazani na kunionesha majina ya maduka. Lakini sikukitia kwa mapenzi. Nilikitia kwa sababu nilitaka akione, aulize nani kachagua rangi, ajibiwe ni Raya. Nilitaka sifa. Hilo ndilo nililolifanya.

Ramadhani ikapita, Idd ikapita. Siku zile Mama aliota ndoto ya meno kung'oka, ambayo kwetu ni msiba, na hakutaka kuisimulia. Ombi moja la Baba lilijibiwa: shauri lenu linaangaliwa. Tulifurahi sana, Bibi akataka achinjwe kuku. Nilimngoja Hilali aandike kuhusu rangi. Halafu Ijumaa moja, baada ya kula, Baba alifungua barua ya Shangazi akaisoma kwa sauti kama kawaida yake, salamu kwanza, kisha hali ya hewa. Akafika mahali akaendelea kusoma, lakini sauti ilikuwa inashuka.

"Hilali kapata homa. Ilimwanza Idd mosi, alipotoka kusali na kile kikoi kipya kilichotoka kwenu. Shemsa alimsihi akivue, akamwambia sikukuu moja tu. Watu wakakitambua. Wakamuuliza hiyo bendera kaitoa wapi. Hajarudi nyumbani mpaka leo."

Bendera. Neno lile ndilo lililotufungua macho sote kwa pamoja. Nyekundu, kijani katikati, karafuu za manjano. Ilikuwa bendera ya Sultani baada ya uhuru, ikapepea Unguja mwezi mmoja tu, mpaka mapinduzi. Tuliishangilia njiani, mie na Hilali, tumeshikana mikono, kisha tukaizika vichwani pamoja na mengine yote, na mie nilikwenda nikaifukua uzi kwa uzi na kuifuma upya na kuita baraza, na mikarafuu. Kule mtu alikuwa anakamatwa kwa picha tu ya Sultani ukutani. Mie nilimvisha kaka yangu bendera nzima.

Mama alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. "Kikoi gani?" akauliza. "Mie sikutia kikoi." Akainuka, akaenda kwenye kasha, tukamsikia akitoa nguo moja moja na kuziweka sakafuni. Alirudi akasimama mlangoni. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Nani kakitia?"

Niliufungua mdomo. Naapa niliufungua. Baba aliinua kichwa akanitazama, mara moja tu, na usoni mwangu alikuwa keshasoma barua ya pili. Akavua miwani yake, akaikunja.

"Mimi," alisema.

Mama alichukua kikoi cha Baba kutoka kwenye msumari, akakitia kwenye moto wa jikoni. Tangu siku ile akaacha kusema na mumewe.

Siku ya pili yake nilimfuata Baba juu ya dari, alikokuwa anaanua mikeka. Nikamwambia, "Baba, ni mie." Aliendelea kuanua. "Najua." Nikasema nitakwenda kumwambia Mama sasa hivi. Hapo akageuka, na sikupata kumwona na uso kama ule, si kabla wala baada. "Mama yako anaweza kuishi bila mume," aliniambia. "Wengi wanaishi. Alikuwa na watoto wawili, kabakiwa na mmoja. Akikupoteza na wewe, tutamzika. Nyamaza, Raya. Nakusihi kwa jina la Mungu, nyamaza." Nikanyamaza. Nilimtii, kama mtoto mwema. Leo ninapoandika najua kwamba nilimtii kwa wepesi mno, kwa sababu amri yake ilinifaa.

Kuanzia hapo mie nikawa ulimi wa nyumba. "Mwambie baba yako chai tayari." "Muulize mama yako kama kuna sabuni." Wamekaa chumba kimoja, sinia mbili, na mie katikati nikipeleka na kurudisha. Bibi alikufa mwaka uliofuata akiwaombea wapatane. Mwaka wa sabini nchi ikabadilika, milango ikafunguliwa, ndugu zetu wakaja kwa ndege makundi kwa makundi, na kila ndege Mama alikwenda kusimama kiwanjani kumngoja mtu ambaye Shemsa alishatuandikia kwamba kazikwa na wasiojulikana, mahali pasipojulikana. Baba alimfuata kila safari na kusimama nyuma yake, mbali kidogo. Walirudi hivyo hivyo, mmoja mbele mmoja nyuma.

Baba aliugua miaka kumi na moja baada ya ile barua. Tulikuwa tumehamia Ruwi, nyumba ya umeme na bomba, na alilazwa chumba cha mbele ambako mchana kutwa liliingia vumbi la magari. Alasiri moja alijua, kama watu wanavyojua. Akaniambia nimwite Mama. Mama akaja, akakaa kitako mwisho wa godoro, mtandio umemshuka usoni. Nilikuwa nimeshika bakuli la maji na kijiko. Baba akasema kwa sauti iliyokauka, "Bibi we, niwie radhi. Kwa yote tuliyoishi."

Mama alihesabu tasbihi mpaka mwisho. Kisha akamjibu mwenyewe, bila ya kunipitishia mie, baada ya miaka yote ile. "Kwa yote nimekuwia radhi, baba Hilali. Ulinitunza, hukunipiga, hukuninyima. Kwa mwanangu, la. Kwa mwanangu tutaulizana mbele ya Mungu."

Baba aligeuza macho taratibu akanitazama mie, na sikuweza kujua kama bado ananikataza au ananiomba. Chumba kilikuwa na watu watatu tu, na mmoja wao alikuwa na neno moja la kusema. Nilikuwa na miaka thelathini, mama wa watoto watatu, mtu mzima mwenye akili zangu, na sikuwa na cha kuogopa isipokuwa uso wa mama yangu.

Nilimtilia baba yangu maji kinywani, kijiko baada ya kijiko, mpaka akaacha kumeza.